Maoni Namba Moja

"Kwa heshima na taadhima, Idara ya Maoni, Kero na Maridhiano inawatangazia wananchi wote, wa mijini na wa vijijini, walio macho na waliolala, kwamba enzi ya kunung'unika kiholela imekwisha. Kuanzia sasa kila kero itanung'unikiwa kwa utaratibu."

Tangazo hilo lilisikika redioni kila siku iendayo kwa Mungu, saa kumi kamili alasiri, na lilichukua robo saa nzima. Baada ya maneno hayo yalifuata maelekezo, na baada ya maelekezo yakafuata maelezo ya maelekezo. Msomaji wake, kwenye rekodi iliyorudiwa kila siku, alikuwa Mkurugenzi wa Idara mwenyewe. Watangazaji waliomba kazi hiyo, akawanyima. Sauti yake, kama alivyomweleza mkewe, ilikuwa na kitu. Kitu gani, mkewe hakuuliza, maana alikuwa anatafuta chaja.

Na si mkewe tu wa kuelezwa. Sauti hiyo iliandikishwa rasmi kwenye daftari la mali za Idara, chini ya mashine ya kurudufu na juu ya meza ya mikutano: "Sauti, ya kiume, moja, hali nzuri."

Sasa msicheke, Idara ilikuwa inachapa kazi. Nani asiyejua dunia ya leo ilivyo? Simu inakufa ukiwa katikati ya sentensi. Mashine inakuuliza neno la siri, ukilitaja inakataa, ukiomba jipya inakwambia hilo ndilo la zamani. Zamani mtu akikerwa alikuwa anamlalamikia jirani, jirani anasema "pole, ndiyo dunia," mambo yanaishia hapo. Idara ilichunguza tabia hiyo ikagundua kuwa ni upotevu mkubwa wa takwimu.

Ndipo ikatengenezwa fomu ya kujaza kwa simu. Fomu haikuwa na nafasi ya jina. Kamati ilikaa siku tatu ikibishana kama litangulie jina la mtu au la baba yake, chai ikaisha, ikaafikiwa kuwa mwananchi hahitaji jina ilimradi ana kero. Kwa hiyo kila maoni yalihesabiwa kuwa mwananchi mmoja. Hesabu safi kabisa.

Lakini fahari ya Mkurugenzi ilikuwa Mfumo wa Motisha wa Usogezaji Kero, alioubuni mwenyewe akiwa bafuni. Ukituma maoni, unajibiwa papo hapo: "Maoni yako ni muhimu sana kwetu. Ili maoni yako ya kwanza yasogee mbele kwenye foleni, tafadhali toa maoni mengine." Ukitoa mengine, unajibiwa vilevile. Hivyo hakuna mwananchi aliyewahi kukosa jibu.

Baada ya miezi kumi na minne, matunda yakaonekana. Maoni elfu nne mia tatu na kumi na mawili! Ripoti ikachapishwa kwenye karatasi zinazong'aa, jalada likabeba picha ya Mkurugenzi ameshika mkonga wa simu akitabasamu, ingawa simu ile haikuwa na waya. Ripoti ikapelekwa kwa Waziri, na jibu likarudi kwa mwandiko wake mwenyewe: "Nimefurahi mno. Ijumaa ijayo nitakuja ukumbini kuwaona wananchi hawa 4,312. Wote."

Mkurugenzi aliisoma barua hiyo mara tatu, kila mara moyo ukimdunda kwa namna yake. Nafasi ya Katibu Mkuu wa Wizara ilikuwa wazi. Alishaingia ofisi ile mara mbili kwa kisingizio cha kupotea njia, akalipima zulia kwa macho. Upande wa pili, Waziri huyu hakuwa wa mchezo. Mwezi uliopita alikifunga Kitengo cha Vikumbusho kwa kuwa kilisahau kuleta ripoti, na aliyekuwa mkurugenzi wake sasa alikuwa kwenye maegesho ya wizara, amevaa koti la njano, anayapulizia magari filimbi. Kila asubuhi Mkurugenzi wetu alipita pale na kioo kimepandishwa.

Siku ya Jumanne Katibu Muhtasi akabisha hodi. Huyu mama alishawahudumia wakurugenzi saba, na chini ya meza yake alikuwa na kandambili za kumsubiria wa nane.

"Bosi, kuna tatizo."

"Dogo au kubwa?"

"Ni moja. Nilikuwa nawapigia wananchi kuwaalika. Wa kwanza akapokea mzee fulani. Wa pili akapokea mzee yuleyule. Nikadhani nimekosea kubonyeza. Wa tatu akaniambia, 'Binti, ni mimi tena. Leo una nini?'"

"Labda ni familia kubwa, wanatumia simu moja."

"Bosi, namba ni moja. Maoni yote elfu nne mia tatu na kumi na mawili, namba moja, mzee mmoja."

Mkurugenzi akakaa kwa kishindo. Kiti chake kilikuwa cha kuzunguka, kikamzungusha kikamwelekeza ukutani, naye akaona afadhali abaki hukohuko.

"Na wengine je?" aliuuliza ukuta. "Nchi nzima hii!"

"Walijaribu. Mashine iliwataka wathibitishe kuwa wao ni watu. Wakashindwa."

"Wewe ulijaribu?"

"Mara mbili. Ikasema mimi si mtu. Nikaacha, nikarudi kwenye kazi zangu."

"Huyo mzee yeye alipitaje?"

"Unaletewa picha ndogondogo, unaambiwa uchague zenye ngazi, zenye baiskeli. Mzee yule alikuwa fundi wa kuonyesha sinema miaka arobaini. Picha gani itamshinda?"

Akamwekea mezani rundo la karatasi, akatoka. Mkurugenzi, kwa mara ya kwanza tangu Idara iundwe, akasoma maoni.

Maoni ya 212: "Mashine imenitaka nibuni neno la siri. Nimeandika jina la mke wangu. Imenijibu kuwa ni dhaifu. Hawamjui."

Maoni ya 640: "Bomba la jikoni limepasuka. Nimefungua video ya kunifundisha kuziba. Kwanza nimeonyeshwa tangazo la sabuni ya nywele, maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu. Nina kipara."

Maoni ya 1,877: "Filamu za siku hizi haziishi. Hii niliyotazama ni sehemu ya saba. Shujaa amekufa mara nne. Sisi wafiwa tumechoka."

Maoni ya 2,950: "Mpwa wangu amenitumia ujumbe wa sauti wa dakika tisa. Nimeusikiliza wote. Alikuwa anasema ndiyo."

Maoni ya 3,406: "Rimoti ina vitufe hamsini na viwili. Natumia viwili. Vilivyobaki naviogopa."

Mkurugenzi alijikuta anacheka, akajikemea. Halafu akabeba mfuko mkubwa wa kofia kutoka stoo, akaenda kumtafuta mwananchi.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, imefagiwa hadi inateleza. Sebuleni, pembeni, projekta ya zamani ilisimama chini ya shuka safi. Kwenye kigoda palikuwa na redio, nayo imefunikwa kitambaa cha kufumwa. Mzee, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimkaribisha kwa mikono miwili. Kitini alikaa mkewe amevaa miwani myeusi, anafuma kwa kupapasa.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama. Mimi ni Mkurugenzi wa Idara ya Maoni, Kero na Maridhiano."

"Marahaba!" Mzee akapiga kofi la furaha. "Mke wangu, wamekuja! Nilikwambia foleni inasogea!"

Bibi akaacha kufuma, akageuza sikio. "Sauti hii naijua. Nimeisikia wapi?"

Mkurugenzi akanyoosha tai yake. "Watu wengi wanaijua, mama."

"Haikunipendeza," akasema Bibi, akaendelea kufuma.

Mkurugenzi akaeleza kisa chote, na akafungua mfuko. Alikuwa na mpango, ambao kwenye mafaili angeuita Mkakati wa Uwingi Shirikishi. Mzee angekaa safu ya mbele na kofia ya kwanza. Waziri akigeuza shingo, Mzee anahamia safu ya pili na kofia nyingine. Waziri hutubu akiwa amefumba macho, ana mazoea hayo. Kwa mwendo wa wastani Mzee angeweza kuwa watu sitini kwa saa.

"Mwanangu," Mzee akasema kwa upole, "mimi nilikuwa naonyesha picha. Kuigiza sikuwahi."

"Na goti lake la kushoto?" akadakia Bibi. "Akiwa mtu wa thelathini tu, atalala."

"Nitakuja kama nilivyo," Mzee akasema. "Kofia moja, yangu. Na mke wangu. Lakini niambie, lile la kwanza limefika wapi?"

"Linashughulikiwa," akajibu Mkurugenzi, na neno hilo lilimtoka kabla hajajua analisema. La kwanza lenyewe hakulisoma. Alikuwa ameanzia katikati.

Saa ya ukutani ikagonga kumi. Mzee akaomba radhi, akatoa simu. "Samahani, huu ni muda wangu wa kazi. Natuma kumi kila siku. Leo nimekosa la kuanzia."

"Weka lile la harusi," Bibi akasema. "Kwamba watu wote walinyanyua simu kupiga picha, bibi harusi akapita, hakuna aliyemwona."

"Wewe ulijuaje, na huoni?"

"Sikusikia kofi wala kigelegele. Watu mikono imejaa simu, watapiga saa ngapi?"

Wakacheka wote wawili kama watoto. Mkurugenzi akatazama redio iliyofunikwa. "Redio hamfungui?"

"Tulikuwa tunafungua," Mzee akasema, akaendelea kuandika.

Mkurugenzi hakuuliza zaidi. Kuuliza ni kazi ya Idara nyingine.

Ijumaa ikafika. Viti elfu nne mia tatu na kumi na viwili vilipangwa ukumbini tangu alfajiri, maana kandarasi ya viti ilishatiwa saini. Mzee na mkewe walikaa safu ya mbele, wameshikana mikono, nyuma yao viti vitupu hadi macho yanachoka. Mkurugenzi aliwaza kurusha kofia mojamoja kwenye viti vya nyuma, Katibu Muhtasi akamtazama tu, naye akaacha.

Mkurugenzi alikuwa na silaha moja ya mwisho. Aliagiza spika za ukumbi ziunganishwe na redio, ili saa kumi ikigonga Waziri asikie tangazo lenyewe likienda hewani. Na kwa kuwa mafundi wana tabia ya kupunguza sauti, aliagiza kabati la mitambo lifungwe kwa kufuli, na ufunguo ubaki ofisini kwake.

Waziri akaingia, akasimama mlangoni, akahesabu kwa kidole. Haikuchukua muda.

"Wako njiani?"

"Wamefika, Mheshimiwa."

"Wote?"

"Wote, kwa maana ya kitakwimu." Akaonyesha safu ya mbele. "Kitaalamu tunaita Umma Fupishi. Badala ya kumsafirisha kila mwananchi na mwili wake, unaleta kiini."

"Kiini."

"Na mke wa kiini, Mheshimiwa."

Waziri alimtazama Mkurugenzi kwa muda mrefu, muda wa kutosha kabisa mtu kuisikia filimbi ya maegesho masikioni mwake. Kisha akakaa. "Haya, kiini kizungumze."

Mzee akapanda jukwaani na rundo lake. Akasoma la neno la siri, Waziri akatabasamu. Akasoma la kipara, Waziri akapiga paja. Akasoma la wafiwa waliochoka, Waziri akavua miwani akafuta machozi, walinzi wake nao wakageukia ukutani mabega yakitikisika. Alipofika kwenye rimoti, Waziri akainuka mwenyewe.

"Hata mimi! Kile kitufe cha kijani! Nilikibonyeza kwa bahati mbaya, na hii miezi mitatu runinga ya nyumbani inazungumza lugha nisiyoijua. Taarifa ya habari natazama midomo tu!"

"Ukikibonyeza tena, Mheshimiwa, inarudi."

Waziri akabonyeza hewa kwa kidole gumba.

"Miezi mitatu," Waziri akasema taratibu. Akamgeukia Mkurugenzi, uso umejaa furaha. "Huyu mtu ni hazina! Hongera sana! Na la kwanza kabisa linasemaje? Maana ndilo lililozaa haya yote."

Mkurugenzi akafungua ripoti. Akapekua. Palikuwa na michoro ya duara, michoro ya ngazi na picha zake sita. Maoni yenyewe hayakuwamo.

"Linashughulikiwa, Mheshimiwa."

"Sikuuliza hilo. Linasemaje?"

Mzee ndiye aliyejibu, na hakuhitaji karatasi.

"Ni fupi. 'Naomba mchezo wa redio wa saa kumi urudishwe. Mke wangu haoni tena, na hiyo ndiyo sinema yake. Mmeukata punda akiwa kisimani.'"

Waziri akarudi kitini. "Punda yupi?"

"Wa mchuuzi," Bibi akasema kutoka safu ya mbele, na sauti yake ilienea ukumbini bila kipaza sauti. "Mwanangu, miaka arobaini nilikaa na huyu kwenye kile chumba cha projekta, joto kama tanuri. Filamu zote nilizitazama kupitia kile kidirisha kidogo. Macho yalipokwisha nikasema basi, imetosha. Akaninunulia redio. Kila saa kumi tulikaa tukamsikiliza mchuuzi na punda wake, naye ananieleza sura zao, eti anawaona. Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Siku moja punda akatumbukia kisimani, wakasema tukutane kesho. Kesho haikuja. Mwezi wa kumi na nne huu, sijui kama ametoka. Mnaniona nacheka, lakini inaniuma. Inaniuma sana."

Mzee akashuka jukwaani, akakaa karibu naye, akamshika mkono.

"Wakatuambia tutoe maoni," akasema. "Nikatoa. Wakasema nitoe mengine ili la kwanza lisogee. Basi nimekuwa nalisogeza."

"Nani aliukata huo mchezo?" Waziri akauliza. "Nani alichukua ile saa kumi?"

Mkurugenzi alifungua kinywa kuomba muda wa kuunda kamati ya uchunguzi. Hakuwahi. Saa ikagonga, spika zote kumi na mbili zikakohoa, na sauti yake ikateremka kutoka darini kama bati lililong'olewa na upepo:

"KWA HESHIMA NA TAADHIMA!"

"Ndiye huyo!" Bibi akasimama, kidole juu. "Ndiye aliyemtumbukiza punda! Nilisema sauti hii naijua!"

Mkurugenzi akakimbilia kabati la mitambo, akakumbana na kufuli. Akakumbuka ufunguo. Akakumbuka ulipo. Akarudi taratibu, mikono nyuma, kama mtu aliyekwenda kunyoosha miguu. Robo saa nzima Waziri alikaa akisikiliza bila kupepesa, na kila sauti ya darini iliposema "maoni yako ni muhimu sana kwetu," alimtazama mwenye sauti. Tangazo lilipokwisha, aliuliza jambo moja tu.

"Kwa hiyo katika miezi yote hii kero ya nchi ilikuwa moja, nayo ni wewe?"

Mkurugenzi alijibu kuwa kitakwimu, ndiyo.

Barua ilitoka Jumatatu. Saa kumi irudishwe kwa mchezo mara moja. Wachezaji walitafutwa, wakapatikana mchuuzi, mke wa mchuuzi na mwenye kisima. Aliyekosekana ni mmoja tu, yule aliyekuwa akilia kama punda. Alishafungua duka la vioo vya simu, akasema samahani, sasa ana wateja, hawezi kurudi kwenye upunda.

Ndipo Katibu Muhtasi, ambaye barua hiyohiyo ilimtaja kuwa Kaimu Mkurugenzi, akafungua daftari la mali za Idara. Chini ya mashine ya kurudufu, juu ya meza ya mikutano, palikuwa na sauti moja, ya kiume, hali nzuri. Kanuni ziko wazi: mali ya umma hairuhusiwi kukaa bila kutumika hadi mwisho wa mwaka. Sauti ikahamishiwa redioni pamoja na mwenye nayo. Cheo hakikuguswa. Kwenye mlango wa studio kikabandikwa kibao kipya: "Mkurugenzi (Punda)."

Siku ya kwanza alisimama mbele ya kipaza sauti, kichwa ndani ya ndoo tupu, maana ndiyo iliyotoa mwangwi wa kisima. Alikusudia kugoma. Akalikumbuka koti la njano. Akavuta pumzi, akalia. Mwanzoni kwa aibu, kisha uchungu wote wa zulia alilolikosa ukampanda kooni, na kilio kilichotoka humo ndooni kilimfanya mchuuzi asahau maneno yake.

Kwenye nyumba ya vyumba viwili kitambaa kilikuwa kimeondolewa juu ya redio. Bibi alikuwa ameshika mbavu, machozi yanamtoka kwa kicheko, na Mzee alikuwa anamweleza jinsi punda anavyohangaika, masikio yalivyolowa, jicho linavyotazama juu. Jirani akagonga ukuta.

Mchezo ulipokwisha, Mzee akachukua simu. Alishamaliza ya kwake, alisema, lakini mke wake ana neno. Akaandika alichoambiwa, na ujumbe ukaingia Idarani kama maoni ya 4,473.

"Punda mpya ana kitu. Tafadhali asiharakishwe kutoka kisimani."

Kaimu Mkurugenzi aliusoma mara moja, amekaa kwenye kiti cha kuzunguka, kandambili miguuni. Hakuna aliyetakiwa kutoa maoni mengine ili hilo lisogee. Akavuta karatasi, akaandika, akagonga muhuri: "Ombi limekubaliwa. Abaki humo hadi mwisho wa mwaka."